Kufunga Nguvu za Mashine Kabla ya Matengenezo

Katika kinu cha kuchambua pamba, saa inayopendwa na mafundi kuliko zote ni ile umeme unapokatika. Kelele hunyamaza, vumbi la pamba hutua, na msimamizi huona nafasi ya kuondoa pamba iliyokwama baina ya misumeno bila kupoteza hata dakika moja ya kazi. Fundi hufungua kifuniko, kibarua huambiwa aingize mkono, na wote wawili huamini kuwa mashine imekufa. Kumbe swichi ingali mahali pake pa kuwashia, na mwenye kuamua ni saa ngapi umeme urudi hayupo kiwandani kabisa. Yuko katika kituo cha umeme kilicho mbali, wala hana habari kwamba kuna mkono wa mtu ndani ya mashine.

Hapo fundi mwenye ujuzi atajibu kwamba mashine yenye kontakta haiwaki yenyewe umeme unaporudi, bali hungoja mtu abonyeze kitufe. Jibu hilo ni sahihi kwa mashine ambayo kontakta yake ni nzima. Lakini katika viwanda vyetu zimo swichi za mkono za zamani ambazo hubaki zimewashwa umeme uwepo usiwepo, na zimo kontakta zilizoharibika katikati ya msimu, zikaunganishwa waya moja kwa moja ili kazi isilale. Waya wa namna hiyo huitwa wa muda. Mwisho wa msimu huonekana bado upo, na aliyeufunga amekwisha kwenda kufanya kazi mahali pengine.

Kila mwaka, baina ya kumalizika kwa uchambuaji na kufunguliwa kwa ununuzi mpya, viwanda vya ushirika katika Kanda ya Ziwa hufungua mashine zake ili kunoa misumeno, kubadili ngozi za rola, kutazama beringi na kurekebisha mikanda. Katikati ya msimu nako matengenezo madogo hufanyika karibu kila siku. Vyama vya msingi visivyo na kinu cha pamba vina mashine za kusaga mahindi, za kukoboa mpunga, za kukamua alizeti, na pampu za maji. Mashine hizi zote hujeruhi kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni wakati zinapofanya kazi, nayo watu huijua na kuiogopa, na kwa ajili yake zimewekewa kinga za chuma. Njia ya pili ni wakati wa matengenezo, ambapo kinga imeondolewa kwa sababu halali na mtu amekaribia chuma kuliko wakati mwingine wowote. Juu ya njia hii ya pili vyama vingi havina kanuni yoyote iliyoandikwa, na mafundi hutegemea kuitana kwa sauti.

Yafaa kueleza kwa ufupi mashine yenyewe ilivyo, maana mjumbe wa kamati asiyeifahamu hawezi kuhoji jambo lolote linaloihusu. Mashine ya misumeno, ambayo asili yake ni ile ya Mmarekani Eli Whitney aliyepewa hataza mwaka 1794, ina sahani nyingi za chuma zenye meno, zilizopangwa juu ya shafti moja. Meno hushika nyuzi za pamba na kuzivuta kupitia nafasi nyembamba kati ya vyuma, ambamo mbegu haiwezi kupita. Nyuma yake brashi au upepo huzitoa nyuzi kwenye meno. Mashine ya rola hufanya kazi kwa namna nyingine: rola iliyovikwa ngozi huvuta nyuzi, na kisu huzitenga na mbegu. Katika zote mbili, pamba yenye unyevu au takataka hukwama, na ikikwama hakuna dawa ila kuitoa. Kutoka hapo pamba nyuzi hupelekwa kwenye presi, ambako hushindiliwa kwa nguvu kubwa na kufungwa kwa waya au mikanda ya chuma iwe robota.

Fundi akisema "nimezima", mara nyingi maana yake ni kwamba amebonyeza kitufe chekundu. Kitufe hicho hakiondoi umeme kwenye mashine. Hukata waya mdogo tu unaoiamuru kontakta iachie. Waya mikubwa inayotoka kwenye ubao wa umeme hubaki ina moto mpaka mlangoni mwa mota. Kontakta ikigandamana kwa joto, au kitufe kikibonyezwa na mtu mwingine aliye upande wa pili wa jengo, mota itazunguka. Vivyo hivyo kile kitufe kikubwa cha dharura kina kazi yake, nayo ni kusimamisha mashine wakati wa hatari. Hakikutengenezwa ili mtu alale chini ya mashine akikitegemea. Mahali pa kukatia umeme kwa ajili ya matengenezo ni swichi kuu ya mashine ile, ambayo hutenganisha waya zote zinazoleta moto.

Umeme nao ni nguvu moja tu miongoni mwa nyingi, na pengine makosa makubwa zaidi hutendeka kwa zile nyingine kwa kuwa hazina swichi.

Shafti ya misumeno ni nzito na huzunguka kwa kasi. Mota ikikatwa umeme, misumeno huendelea kuzunguka kwa nguvu ya mwendo wake yenyewe, na inapoelekea kusimama huzunguka kimya kimya, hata katika mwanga hafifu wa kiwanda mtu hudhani imesimama. Feni kubwa za kuvutia pamba zina tabia hiyo hiyo, tena huchukua muda mrefu zaidi. Kwa hiyo kifuniko kisifunguliwe mpaka mtu ameiona shafti yenyewe au puli yake imesimama kabisa. Kusikiliza hakutoshi, kwani sikio lililokaa kiwandani tangu asubuhi limekwisha kuzibwa na kelele.

Presi hubeba nguvu ya namna nyingine. Pampu ikisimama, mafuta yaliyo ndani ya mabomba na silinda bado yanaweza kuwa na mgandamizo, na kichwa cha presi kilichoinuliwa kinashikiliwa na mafuta hayo peke yake. Fundi anayelegeza nati ya bomba ili abadilishe mpira uliochakaa anaweza kukishusha chuma chote kile juu ya mwenzake. Tena mafuta yanayotoka kwa kishindo katika tundu dogo huweza kupenya ngozi na kuingia mwilini. Jeraha lake kwa nje huonekana dogo kama la sindano, kumbe ndani linaharibu nyama, na majeruhi hupaswa kupelekwa hospitali siku ile ile hata kama hasikii maumivu makali. Kabla ya kugusa bomba lolote, kichwa cha presi kishushwe mpaka chini au kitegemezwe kwa gogo la chuma lililotengenezwa kwa kazi hiyo, kisha mgandamizo uachiwe kupitia valvu yake, na geji itazamwe mpaka isome sifuri. Jeki ya gari haifai kuwa tegemeo, wala matofali hayafai.

Robota lenyewe lina nguvu ndani yake. Pamba iliyoshindiliwa hutaka kurudi ilivyokuwa, na waya unaoizuia umevutika. Anayekata waya ili robota bovu lifungwe upya asimame pembeni, asisimame mbele ya waya, na avae miwani ya kazi. Springi za mashine, mikanda iliyokazwa, mnyororo wenye mzigo, hewa iliyo katika tangi la kompresa, vyote ni vya ukoo huo huo: ni nguvu iliyowekwa akiba, na itatoka siku kizuizi kitakapoondolewa, awe ameiondoa mtu kwa makusudi au kwa kutokujua.

Jambo la mwisho katika upande huu ni kapasita. Viwanda vingi vimefungiwa kapasita karibu na ubao wa umeme ili kupunguza gharama katika ankara ya umeme. Vyombo hivi hubaki na umeme baada ya kukatwa. Vilivyotengenezwa vizuri vina njia ya kujimwagia umeme huo wenyewe baada ya dakika chache, lakini njia hiyo huweza kuungua bila mtu kujua. Ni kazi ya fundi umeme peke yake kuzipima na kuzimwaga, na mlango wa kabati lake ukae na kufuli mwaka mzima.

Marekani, baada ya miaka mingi ya ajali za aina hii, ilitoa mwaka 1989 kanuni maalumu ya kufunga nguvu za mashine wakati wa matengenezo, nayo ikaanza kutumika Januari 1990. Serikali ya huko ilikadiria kuwa kanuni hiyo ikifuatwa huzuia vifo 120 hivi na majeraha 50,000 kila mwaka. Hesabu hizo ni za nchi yenye viwanda vingi, lakini namna ya ajali ni ile ile: mtu mmoja yumo ndani ya mashine, na mwingine, ambaye hana nia mbaya hata kidogo, anaiwasha. Nchini mwetu, Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950, iliyotungwa wakati wa Tanganyika chini ya Waingereza, ilisisitiza kuwekewa kinga kwa sehemu za mashine zenye hatari. Nafasi yake ilichukuliwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, ambayo humpa mwajiri wajibu wa kuhakikisha kuwa mashine na namna ya kuifanyia kazi havimdhuru mfanyakazi. Wakala wa serikali unaosimamia sheria hiyo hujulikana kwa jina la OSHA. Jina hilo linafanana na la chombo cha Marekani, jambo ambalo limewachanganya makatibu kadha wa kadha wakati wa kusoma vitabu vya mashine kutoka ng'ambo.

Chama cha ushirika ni mwajiri kama waajiri wengine. Kwamba wanaofanya kazi mashineni ni wanachama, au watoto wa wanachama, hakupunguzi wajibu huo hata kidogo. Kwa kweli ungetazamia kuuzidisha.

Kanuni yenyewe si ngumu. Ugumu wake uko katika kuifuata siku ambayo magari ya pamba yamejipanga nje ya geti. Kwanza, aliyepewa kazi ya kutengeneza huwaarifu wote wanaoitumia mashine hiyo kuwa inazimwa, na kwa nini. Kisha huizima kwa utaratibu wake wa kawaida, ili isisimame ghafla ikiwa na mzigo. Baada ya hapo huenda kwenye swichi kuu ya mashine hiyo na kuikata, na kama mashine inapata nguvu kutoka mahali zaidi ya pamoja, hukata kila mahali. Ndipo huweka kufuli.

Kufuli ndiyo roho ya kanuni yote. Swichi nyingi za viwandani zina tundu ambalo kufuli hupita, na swichi haiwezi kurudishwa mpaka kufuli litoke. Kila mtu anayeingiza mkono katika mashine huweka kufuli lake mwenyewe, lenye ufunguo mmoja, na ufunguo huo hukaa mfukoni mwake. Wakiwa watatu, makufuli yawe matatu. Vipo vibanio vya chuma vyenye matundu kadhaa vilivyotengenezwa kwa ajili hiyo, na fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza kinachofaa. Desturi ya kufuli moja ambalo ufunguo wake hukaa kwa msimamizi haifai kabisa, ingawa imeenea. Msimamizi hawezi kujua kwa hakika kwamba mtu wa tatu, aliyerudi kuchukua spana yake, ameshatoka. Makufuli yanayotumika kwa kazi hii yasitumike kufungia stoo wala masanduku, na yapakwe rangi moja, nyekundu kwa mfano, ili mtu yeyote akiliona ajue kuwa nyuma yake kuna uhai wa mwenzake.

Pamoja na kufuli huwekwa kibao chenye jina la aliyelifunga, tarehe na kazi inayofanyika. Kibao peke yake, bila kufuli, ni karatasi tu. Mtu asiyejua kusoma hawezi kukitii, upepo hukiangusha, na mwenye haraka hukigeuza. Hata hivyo zipo swichi za zamani zisizo na tundu la kufuli. Kwa hizo fundi umeme atoe fyuzi zote tatu na mtengenezaji azitie mfukoni mwake, kisha mlango wa ubao ufungwe kwa kufuli. Hiyo ni njia ya kuvukia tu mpaka swichi nyingine inunuliwe, na katibu aiandike katika makisio ya mwaka unaofuata.

Baada ya kufuli huja kazi ya kuachia nguvu za akiba zilizoelezwa hapo juu: kungoja shafti isimame, kushusha presi, kutoa hewa katika tangi, kulegeza mkanda, kutia kabari chini ya kitu kinachoweza kuviringika. Kisha huja hatua ambayo mafundi hodari ndio huiruka zaidi, yaani kujaribu. Watu wote wakiwa mbali na mashine, kitufe cha kuwashia kibonyezwe. Mashine isipowaka, kufuli limefungwa mahali sahihi. Ikiwaka, swichi iliyokatwa ni ya mashine nyingine, na kosa hilo si la ajabu katika ubao wenye swichi kumi zilizofutika majina. Baada ya jaribio mahali pa kitufe parudishwe katika hali ya kuzima. Fundi umeme anayepima waya kwa testa naye aijaribu testa yake kwanza kwenye waya unaojulikana kuwa na moto, kisha apime waya anaotaka kuushika, kisha arudi kwenye ule wa kwanza. Testa iliyokufa husema kila waya hauna moto.

Suala la majina kufutika kwenye ubao linahitaji neno la ziada, kwani lina historia yake. Vinu vya pamba vya kanda hii vimepita katika mikono mingi. Shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, lililoandikishwa mwaka 1955, lilipoanza kumiliki vinu vyake katika miaka hiyo ya 1950, kile cha Kasamwa huko Geita kikiwa miongoni mwa vya awali, wakulima waliingia katika kazi iliyokuwa mikononi mwa wafanyabiashara. Nyanza ikafuata mwaka 1968. Vyama vikuu vilipovunjwa mwaka 1976, vinu vikaingia chini ya Mamlaka ya Pamba. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha vyama, na katika miaka iliyofuata vinu vikarejeshwa kwa wakulima. Biashara huria ya miaka ya 1990 ikaleta wanunuzi binafsi, na vinu kadhaa vya ushirika vikasimama kwa misimu mingi. Katika kila makabidhiano majengo na mashine vilihesabiwa, na madeni yalihesabiwa kwa uangalifu zaidi. Michoro ya umeme na vitabu vya mashine havikuhesabiwa. Ndiyo sababu leo katika kiwanda kikongwe unaweza kukuta waya unaotoka ukutani na kuingia chini ya sakafu, na hakuna mtu anayejua unakwenda wapi. Kinu kilicholala miaka kadhaa kinapofufuliwa, kazi ya kwanza ya fundi umeme iwe kufuata kila waya, kuandika upya jina la kila swichi, na kuchora mchoro utakaotundikwa ukutani.

Nguvu inayotoka mahali pawili ni mtego wa pekee. Viwanda na vyama vingi vimenunua jenereta. Umeme wa shirika ukikatika, jenereta huwashwa, na swichi ya kubadilishia huelekeza mashine upande wa jenereta. Fundi aliyefunga swichi inayotoka kwa shirika, lakini hakukumbuka jenereta, amefunga mlango mmoja wa nyumba yenye milango miwili. Makufuli yawekwe kwenye swichi ya mashine yenyewe, ambayo iko baada ya vyanzo vyote, au kwenye vyanzo vyote kwa pamoja. Yako pia mazoea mabaya zaidi, ya kuunganisha jenereta kwenye waya za jengo bila swichi ya kubadilishia. Umeme wa jenereta ya namna hiyo hurudi nyuma hadi kwenye transfoma, nayo huupandisha uwe mkubwa kwenye nyaya za nje, ambako fundi wa shirika la umeme yuko juu ya nguzo akiamini kwamba laini imekufa. Chama chenye muunganisho kama huo kiuondoe kabla ya kusoma maelezo mengine yaliyobaki.

Vyama vya msingi vyenye mashine ndogo visidhani kwamba haya ni ya viwanda vikubwa. Mashine ya kusaga ya kijijini, iliyofungwa katika chumba kimoja chembamba, hushika nguo na vidole kwa njia ile ile, na mara nyingi mwendeshaji wake yuko peke yake. Ikiwa ni ya umeme, kufuli moja na swichi yenye tundu vinatosha. Ikiwa ni ya injini ya dizeli, mambo ni tofauti kidogo. Kuzima injini kwa kufunga mafuta hakuiondolei uwezo wa kusogea. Ndani ya silinda hubaki hewa iliyogandamizwa, na gurudumu zito linaposimama huweza kurudi nyuma nusu mzunguko na kukata kidole kilichokuwa juu ya mkanda. Mwendeshaji afunge mafuta, afungue mgandamizo kwa wenzo wake ikiwa injini inao, avue mkanda kwenye puli, kisha aondoe hendeli na kukaa nayo. Kama injini huwashwa kwa betri, afungue waya wa betri na kuuweka mbali na ncha yake. Kubadilisha chekecheke au kugeuza nyundo za kinu huku mkanda ukiwa bado umevaliwa, eti kwa kuwa ni kazi ya dakika mbili, ndiyo desturi inayopaswa kukomeshwa kwanza katika mashine za vijijini.

Kufungua kufuli baada ya kazi nako kuna utaratibu. Vifaa vihesabiwe, kwa sababu spana iliyosahauliwa juu ya misumeno huruka kama risasi. Kinga zirudishwe mahali pake. Watu wahesabiwe kwa majina. Kila mmoja aondoe kufuli lake kwa mkono wake, na aliyeweka la kwanza aliondoe la mwisho. Wakati wa kubadilishana zamu, anayeingia huweka kufuli lake kabla anayetoka hajaondoa la kwake, ili pasiwe na dakika hata moja ambayo mashine haina mlinzi.

Na ikiwa mwenye kufuli amekwenda nyumbani na ufunguo? Jambo hili hutokea, na ndipo kanuni nyingi huvunjikia. Msimamizi asivunje kufuli kwa hasira eti pamba inangoja. Kwanza ahakikishe kwa kumtafuta kwamba mtu huyo hayumo kiwandani: simu ipigwe, mtu atumwe nyumbani kwake. Akijulikana alipo, akague mashine yote pamoja na shahidi, kisha kufuli likatwe mbele ya shahidi huyo na jambo hilo liandikwe. Mwenye kufuli aarifiwe kabla hajaanza zamu yake inayofuata, kwa maana atarudi akiamini mashine ingali imefungwa, na huenda akaenda moja kwa moja kuingiza mkono.

Wajibu wa katibu katika haya yote si wa kushika spana. Ni yeye anayepeleka mbele ya kamati fedha za makufuli, vibanio na vibao, ambazo kwa kinu kizima ni ndogo kuliko gharama ya kubadilisha shafti moja. Ni yeye anayeandika mkataba na mafundi wa nje wanaokuja kutengeneza wakati wa kiangazi, na katika mkataba huo aweke sharti kwamba watatumia makufuli yao wenyewe pamoja na yale ya kiwanda. Fundi wa nje haijui mashine hiyo, na mashine haimjui. Mwenyeji aliye hodari amwongoze. Ni katibu pia anayehakikisha kwamba wafanyakazi wote, pamoja na vibarua, wameandikishwa katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015. Michango yake hulipwa na mwajiri peke yake na haikatwi katika mshahara. Chama kilichowaacha vibarua wake nje ya Mfuko kitakuja kulihisi kosa hilo siku mmoja wao atakapopoteza mkono, wakati ambapo familia itakuwa imeketi ofisini na kitabu cha malipo hakina jina lake.

Kuhusu vibarua wa msimu, hao ndio wanaopelekwa kutoa pamba iliyokwama, kwa kuwa kazi hiyo ni chafu na haihitaji ufundi. Wengi ni vijana waliotoka mashambani wiki ile ile, hawajapata kuona mashine ya misumeno, na hawana uhodari wa kumwambia msimamizi "bado haijafungwa, mzee". Kwa hiyo kamati ipitishe azimio, liandikwe katika kumbukumbu na kusomwa kwa Kiswahili chepesi mbele ya wafanyakazi wote, kwamba mtu anayekataa kuingiza mkono katika mashine isiyo na kufuli hatafukuzwa wala hatakatwa posho ya siku hiyo. Bila azimio hilo makufuli yatanunuliwa na kuning'inia ukutani.

Ununuzi hufunguliwa kwa kawaida Mei au Juni. Kuchora ubao wa umeme, kubadili swichi zisizo na tundu, kutengeneza tegemeo la presi na kuwafundisha mafundi ni kazi za miezi ya kabla ya hapo, wakati mashine zimefunguliwa na hakuna gari langoni. Daftari la makufuli lianze na msimu: safu ya tarehe, ya mashine, ya jina la aliyefunga, ya saa ya kufunga na ya saa ya kufungua. Mkaguzi atakapofika ataomba kuliona pamoja na daftari la fedha.